Mwandishi Bila Hati: Kisa cha Gene Gauntier, Mwigizaji na Mwandishi wa Filamu Bubu

Kuhusu kisa hiki

Desturi ya uchambuzi wa kisa ni kuondoa majina ya wahusika. Desturi hiyo imefuatwa hapa kwa wale waliopita katika kisa kwa nafasi ndogo, lakini jina la mhusika mkuu limeachwa wazi kwa makusudi. Kisa chenyewe kinahusu mwandishi ambaye kazi zake zilionyeshwa kwa miaka mingi bila jina lake, na kumficha kwa mara nyingine kungekuwa kuurudia uonevu ule ule. Wengine wanaotajwa wamo katika kumbukumbu za umma, na wote walikwisha kufariki zamani.

Swali linaloongoza uchambuzi huu ni la kikazi. Kati ya 1907 na 1912 Gene Gauntier alikuwa mhimili wa kampuni moja ya filamu ya New York: aliandika miswada, aliigiza nafasi kuu, alishiriki kuchagua mahali pa kupigia picha, na alisafiri na kikosi kidogo hadi Ireland, Misri na Palestina. Alipoiacha kampuni hiyo, filamu alizoziandika zilibaki kuwa mali ya kampuni, na miaka michache baadaye yeye mwenyewe alikuwa nje ya tasnia. Wako waandishi wengi leo wanaofanya kazi kwa namna ile ile, kwa bidii ile ile na kwa kuaminiana kule kule, na ndiyo maana inafaa kukipitia kisa hiki hatua kwa hatua.

Mazingira ya kazi

Filamu ya mwaka 1906 ilikuwa kitu kifupi. Mkanda mmoja ulikuwa na urefu wa futi 1,000 hivi, nao uliisha kwa muda wa dakika kumi hadi kumi na tano. Filamu ziliuzwa kwa futi, kama kitambaa dukani, na mnunuzi hakuuliza ni nani aliyetunga hadithi. Kumbi ndogo za kiingilio cha senti tano zilikuwa zimeanza kuenea katika miji ya Marekani tangu 1905, na kwa kuwa kila ukumbi ulibadilisha filamu zake mara kadhaa kwa wiki, watengenezaji walihitaji hadithi mpya bila kukoma.

Mahitaji hayo yalizuka kabla ya kazi ya kuandika kuwa na utaratibu wowote. Waongozaji wengi walibeba hadithi kichwani na kuwaeleza waigizaji papo hapo, mbele ya kamera, nini cha kufanya. Waigizaji wa jukwaani waliiona filamu kuwa kibarua cha kuwavusha miezi ya kiangazi, wakati majumba ya michezo yalipofungwa, na wengi walishukuru kwamba majina yao hayakuonyeshwa.

Kampuni ya Kalem iliundwa katika hali hiyo mwaka 1907. Waanzilishi wake walikuwa George Kleine, mfanyabiashara wa filamu wa Chicago, pamoja na Samuel Long na Frank Marion waliotoka katika kampuni ya Biograph, na jina la kampuni lilitokana na herufi za mwanzo za majina yao ya ukoo. Kalem ilianza na mtaji mdogo, na haikuwa na studio. Ilipiga picha nje, kwenye mashamba, mitaa na fukwe za karibu na New York, na mwongozaji wake mkuu alikuwa Sidney Olcott, Mkanada mzaliwa wa Toronto mwenye asili ya Ireland. Udogo huu wa kampuni ni jambo la kukumbuka, kwa sababu ndio uliompa Gauntier nafasi aliyoipata, na ndio pia uliofanya makubaliano mengi yabaki kuwa ya mdomo.

Kuingia kazini

Gauntier, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Genevieve Liggett, alizaliwa mwaka 1885 na alikuwa mwigizaji wa vikundi vya michezo vinavyozunguka mijini. Mwaka 1906, akiwa New York bila kazi ya jukwaani, alikubali nafasi katika filamu ya Biograph ambamo mhusika wake alitakiwa kutupwa mtoni. Hakujua kuogelea. Alitupwa, akatolewa majini, akalipwa, kisha akarudi jukwaani msimu ulipofunguliwa.

Kalem ilipoanzishwa, Marion alimkumbuka. Aliitwa kama mwigizaji, lakini mara tu ikaonekana kwamba aliweza kuandika, na kwamba aliandika haraka: hadithi yenye mwanzo na mwisho, inayoeleweka bila maneno, inayoweza kupigwa picha kwa siku chache mahali palipokuwapo na kwa watu waliokuwapo. Hakuna mtu mwingine katika kampuni aliyekuwa na ujuzi huo wakati ule, na tangu hapo kazi ya mswada ikawa yake.

Ben Hur, 1907

Mwishoni mwa msimu wa 1907 Kalem iliona nafasi. Katika uwanja wa Sheepshead Bay, Brooklyn, kampuni ya fataki ya Pain ilikuwa imeandaa maonyesho makubwa ya wazi yenye mapambo na watu wengi, na msimu ulikuwa unakwisha. Marion alitaka filamu ya Ben Hur, riwaya ya Lew Wallace ya mwaka 1880 kuhusu nyakati za Yesu, ambayo tangu 1899 ilikuwa pia mchezo mashuhuri wa jukwaani uliomilikiwa na wafanyabiashara Klaw na Erlanger. Gauntier alipewa siku mbili kuigeuza riwaya ile nene kuwa mswada wa mkanda mmoja.

Aliifanya kazi hiyo. Matokeo yake yalikuwa filamu ya mandhari kumi na sita, ambayo mashindano yake ya magari ya farasi yaliendeshwa na kikosi cha mizinga cha Brooklyn. Tangazo la kampuni lilitaja mapambo yalikotoka, nyumba ya opera iliyotoa mavazi, na kikosi kilichotoa farasi. Mwandishi wa mswada hakutajwa.

Wala hakuna aliyeomba ruhusa. Katika kumbukumbu alizoandika baadaye, Gauntier alieleza bila kujificha kwamba huo ndio uliokuwa mwenendo wa wakati ule: watengenezaji wote walichota kwenye riwaya, mashairi na tamthilia, kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyoitaja filamu. Mahakama zilikuwa zimekubali tangu 1903 kwamba filamu inaweza kulindwa kama picha za kawaida, lakini kama picha hizo zinaweza kuvunja haki ya mwandishi wa riwaya lilikuwa swali ambalo halijajibiwa.

Wachapishaji wa riwaya hiyo, Harper, pamoja na warithi wa Wallace na wamiliki wa mchezo wa jukwaani, waliishtaki Kalem. Kampuni ilijitetea kwamba mfululizo wa picha si tamthilia, na kwamba yenyewe iliuza mikanda tu, wakati walioonyesha walikuwa watu wengine. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na hukumu ikatolewa Novemba 1911, ikiwa imeandikwa na Jaji Oliver Wendell Holmes. Holmes alieleza kwamba tamthilia inaweza kutimia kwa matendo pasipo maneno, na kwamba kama mchezo wa ishara tupu wa Ben Hur ungekuwa tamthilia mbele ya macho ya watazamaji, ungebaki kuwa tamthilia hata kama wangeutazama kwa kioo badala ya kuutazama moja kwa moja. Kuhusu utetezi wa pili, alisema Kalem iliitangaza filamu mahsusi kwa ajili ya kuonyesha hadithi hiyo, kwa hiyo haiwezi kukwepa. Malipo ambayo kampuni inatajwa kuyatoa ni dola 25,000.

Inafaa kutua hapa kidogo. Hukumu ile kwa kawaida husimuliwa kama ushindi wa waandishi wa riwaya, na kwa kweli ilikuwa hivyo. Lakini ukiisoma kwa macho ya mwandishi wa filamu, utaona kwamba mahakama ilikuwa inaeleza, kwa mara ya kwanza na kwa uzito wa juu kabisa, kazi ambayo Gauntier alikuwa ameifanya kwa siku mbili: kuihamisha hadithi kutoka kwenye maneno na kuiweka katika matendo, kiasi kwamba mtazamaji aliifuata bila kusikia sentensi hata moja. Mshtakiwa alikuwa kampuni. Gauntier hakuwa upande wowote wa kesi hiyo, hakudaiwa chochote na hakutambuliwa kwa lolote.

Florida: mwili na kalamu

Majira ya baridi ya 1908 Kalem ilihamishia kikosi chake Jacksonville, Florida, ambako jua lilipatikana wakati New York imefunikwa na theluji. Wakati huohuo kampuni ilijiunga na umoja wa watengenezaji uliosimamiwa na watu wa mvumbuzi Thomas Edison, uliohodhi hataza za kamera na za projekta na kuwapa wanachama wake soko la uhakika la mikanda mifupi. Gauntier aliandika kwa kufuata kile alichokiona: mto, mashamba, reli, nyumba kubwa za zamani za Kusini. Mahali palianza kuzaa hadithi.

Mfano ulio wazi zaidi ni msururu wa filamu za msichana jasusi wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, ulioanza mwaka 1909. Gauntier aliandika na kuigiza jasusi huyo wa upande wa Kusini, ambaye alivaa kama mvulana, alipanda farasi kwa kasi, aliruka kutoka juu na kujificha majini. Watazamaji waliupenda msururu huo na wenye kumbi wakaudai zaidi.

Hapo ndipo upande wa pili wa kuandika na kuigiza kwa wakati mmoja ulipojitokeza. Kila hatari aliyoiandika mezani ilikuwa hatari ambayo yeye mwenyewe angeifanya asubuhi iliyofuata, na baada ya muda mwili wake ulichoka kwa michubuko na homa. Alijaribu kuumaliza msururu kwa kumwoza shujaa na kuzima vita. Kampuni, kwa kusukumwa na wateja, ilitaka zaidi, na ikabidi aandike tukio lingine, akisingizia kwamba lilikuwa halijasimuliwa hapo awali. Mwandishi mwenye haki juu ya mhusika wake angeweza kukataa au kudai malipo mapya, lakini Gauntier alikuwa na ushawishi tu, na ushawishi huo ulikoma pale ambapo maslahi ya ofisi yalianza.

Ireland, Misri na Palestina

Agosti 1910 Olcott, Gauntier na wenzao wachache walivuka bahari kwenda Ireland. Filamu ya kijana anayehamia Marekani na kurudi kumwokoa mpenzi wake, ambayo sehemu zake zilipigwa Marekani na nyingine Ireland kwenyewe, inahesabiwa kuwa filamu ya kwanza ya hadithi kutengenezwa na kampuni ya Marekani nje ya nchi hiyo. Faida yake kwa kampuni ilieleweka upesi: mamilioni ya Waamerika wenye asili ya Ireland walitaka kuiona ardhi ya wazazi wao. Mwaka uliofuata kikosi kilirudi na kupiga kambi katika kijiji cha Beaufort, karibu na Killarney. Padri mmoja wa huko aliwakemea hadharani, na ikabidi wakubwa waingilie kati ili kazi iendelee, lakini wanakijiji wengi waliwapokea na hata kuigiza nao.

Katika safari hizi Gauntier alifikia kilele cha uwezo wake. Kikosi kilikuwa kidogo, ofisi ilikuwa ng'ambo ya bahari, na barua zilichukua siku nyingi. Uamuzi wa leo ulitolewa leo, na watu wawili waliokuwapo, mwongozaji na mwandishi, ndio waliouamua.

Desemba 1911, mwezi mmoja tu baada ya hukumu ya Ben Hur, kikosi kilisafiri kwenda Misri. Walipokuwa Luxor Gauntier aliugua kwa ukali wa jua, na kwa maelezo yake mwenyewe, akiwa katika homa ile ndipo alipopata wazo la kutengeneza filamu ya maisha ya Yesu katika nchi yenyewe. Aliandika mswada kwa kufuata Injili, na hapa funzo la hukumu linaonekana: Maandiko hayakuwa na mrithi wa kushtaki. Olcott alikwenda London kutafuta waigizaji zaidi, akarudi na Robert Henderson-Bland aliyeigiza Yesu. Gauntier aliigiza Mariamu. Picha zilipigwa Misri, penye piramidi na Sphinx, na Palestina, pamoja na Jerusalem.

Filamu hiyo, From the Manger to the Cross, ilikuwa na mikanda mitano wakati ambapo mkanda mmoja ndio uliokuwa wa kawaida. Ulikuwa pia uamuzi wa kuthubutu kwa namna nyingine. Katika mchezo wa jukwaani wa Ben Hur, Wallace alikuwa amekataa Yesu aigizwe na mtu, na nafasi yake ikachukuliwa na mwali wa taa. Gauntier na Olcott walimweka mwigizaji mbele ya kamera, katika barabara za Nchi Takatifu, na kuacha mandhari yenyewe ibebe heshima. Oktoba 1912 filamu ilionyeshwa London, katika Queen's Hall, mbele ya viongozi wa dini. Ilizua mjadala mkali magazetini, kisha ikakubalika na kuendelea kuonyeshwa kwa miaka.

Kampuni yenye jina lake

Olcott na Gauntier waliiacha Kalem mwaka huohuo wa 1912. Mwaka huo pia Gauntier aliolewa na Jack Clark, mwigizaji mwenzake katika kikosi. Mnamo Desemba waliunda Gene Gauntier Feature Players, wakiwa pamoja na Olcott, kwa lengo la kutengeneza filamu ndefu za mikanda mitatu au zaidi. Walirudi katika maeneo waliyoyajua, Jacksonville na Ireland, na kwa hadithi walizozijua, za majasusi wa Kusini na wakulima wa Ireland. Usambazaji ulifanywa na Warner's Features, kampuni ya ndugu Warner.

Mwaka 1914 Olcott aliondoka na kuanzisha kampuni yake. Gauntier na Clark waliendelea kwa muda mfupi, kisha 1915 wakajiunga na Universal huko California. Gauntier hakudumu. Studio kubwa ilikuwa imegawanya kazi katika idara, na mtu aliyezoea kuandika usiku kile ambacho angekiigiza asubuhi hakuwa na idara.

Maamuzi na sababu zake

Maamuzi mengi ya kisa hiki yalikuwa na mantiki yalipofanywa, na ni haki kuyapima kwa kile kilichojulikana wakati huo.

Kukubali kuandika bila mkataba wa kumlinda mwandishi kulitokana na ukweli kwamba mwandishi wa filamu hakuwa bado mtu anayejulikana kazini. Gauntier alilipwa kwa kila mswada na kwa uigizaji wake, na kwa mwigizaji aliyezoea kukaa miezi bila kazi, malipo ya hakika yalikuwa neema. Hakuwa na mfano wa kuigwa ambao ungemwonyesha kwamba kuna jambo la ziada la kudai.

Kubeba majukumu mengi kwa pamoja kulitokana na udogo wa kikosi, lakini kulikuwa pia na shabaha. Mwandishi aliyepo mahali pa kazi huamua jinsi mswada wake utakavyotafsiriwa, na Gauntier alilifahamu hilo mapema. Uwepo wake ulimpa mamlaka ambayo karatasi haikumpa.

Kuondoka 1912 ndio uamuzi wenye uzito zaidi, na nauona kuwa ulikuwa sahihi. Filamu ya Palestina ilikuwa imethibitisha kwamba watazamaji wangekaa kwa zaidi ya saa moja mbele ya hadithi moja. Kalem ilikuwa imefungwa ndani ya umoja ulioishi kwa mikanda mifupi, na haikuelekea kubadilika. Yeyote aliyeamini filamu ndefu ilimlazimu kutoka.

Matokeo

Kalem ilinunuliwa na Vitagraph, kampuni nyingine ya filamu, mwaka 1917. Vitagraph iliirekebisha filamu ya Palestina na kuitoa upya mwaka 1919, kwa kuwa haki zake zilikuwa zimehama pamoja na mali nyingine za kampuni. Mwaka huo Gauntier alikuwa akiandika uhakiki wa filamu na michezo katika gazeti moja la Kansas City, na ndoa yake ilikuwa imevunjika. Baadaye alihamia Ulaya, akaandika riwaya, na mwaka 1928 na 1929 jarida la Woman's Home Companion lilichapisha kumbukumbu zake za miaka ya Kalem kwa mfululizo. Alifariki Cuernavaca, Mexico, Desemba 1966. Mwaka 1998 From the Manger to the Cross iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa nchini Marekani.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi kilikuwa njia yake ya kuandika. Gauntier aliandika kwa kuanzia na kilichopo: uwanja ambao msimu wake umekwisha, mto wa Florida, kijiji cha Ireland, barabara za Jerusalem. Njia hiyo ilipunguza gharama, lakini faida yake kubwa ilikuwa ya kisanaa, kwa sababu katika filamu bubu mahali husema mengi ambayo mwigizaji hawezi kuyasema. Mwandishi anayeandikia mahali asipopajua hulazimika kuongeza maelezo kati ya picha; yeye aliyahitaji kidogo. Nathubutu kusema kwamba mchango wake mkuu katika ufundi wa mswada uko hapo, zaidi ya wingi wa miswada aliyoitunga.

Kilichofeli kilihusu mahali ambapo mamlaka yake yalisimama. Yalisimama juu ya uwepo wake na juu ya uhusiano na watu wawili, Marion aliyemwita na Olcott aliyefanya naye kazi. Mamlaka ya namna hiyo ni halisi kabisa, tena hufanya kazi haraka kuliko mkataba wowote, lakini hayahamishiki. Mtu akiondoka, au mwenzake akiondoka, hakuna kinachobaki cha kudai. Marion alipobaki nyuma mwaka 1912, nusu ya msingi ilikatika, na Olcott alipoondoka 1914 nusu ya pili ikafuata. Kuanguka kwa kampuni yake kunaweza kuelezwa kwa ushindani wa soko, nao ulikuwepo, lakini kabla ya soko kulikuwa na udhaifu wa ndani: kampuni ilibeba jina la mwigizaji na mwandishi huku kazi ya uongozaji ikimtegemea mtu ambaye angeweza kuondoka wakati wowote, na njia ya kuwafikia watazamaji ikiwa mikononi mwa msambazaji.

Upande wa sheria unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hapo lawama hupelekwa mahali pasipostahili. Ni rahisi kusema Kalem ilimnyang'anya. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Marekani ya 1909 ilitamka kwamba katika kazi iliyofanywa kwa ajira, mwajiri ndiye anayehesabiwa kuwa mwandishi. Kwa kazi alizozifanya akiwa mwajiriwa baada ya sheria hiyo, ukimya juu ya jina lake haukuhitaji hila yoyote; ulikuwa ndio hali ya kawaida, na ni makubaliano maalumu tu ambayo yangeubadilisha. Agosti 1912 sheria ilirekebishwa na kuzitaja filamu waziwazi kama aina ya kazi inayolindwa, na miezi minne baadaye Gauntier akaanzisha kampuni yake. Sijui kama alizihusisha hatua hizo mbili, lakini mpangilio wake wa nyakati ulikuwa mzuri: kwa mara ya kwanza alikuwa upande wa mwajiri, wakati ambapo filamu yenyewe ilikuwa imepata jina sheriani.

Je, angeweza kufanya tofauti kabla ya hapo? Mwaka 1907, nadhani hapana. Kuanzia 1910 jibu linabadilika. Mwezi Januari mwaka huo Kalem ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kutoa hadharani picha ya waigizaji wake ili wenye kumbi waitundike, kwa hiyo kampuni ilikuwa imekwisha kuelewa kwamba sura ya mwigizaji huuza tiketi. Gauntier alikuwa sura hiyo, na alikuwa pia kalamu iliyokuwa nyuma yake. Wakati wenye kumbi walipodai jasusi arudi baada ya kuozwa, alikuwa na nguvu ya kujadiliana ambayo hakuwa nayo kabla wala hakuipata tena baadaye: mhusika asingeweza kurudi bila yeye kuandika, na asingeweza kurudi bila yeye kuigiza. Ule ndio wakati wa kudai jina kwenye mkanda na sehemu ya mapato. Aliutumia kulalamikia uchovu, malalamiko ambayo yalikuwa ya haki, kisha akaandika.

Kumbukumbu zake za 1928 na 1929 nazo ni sehemu ya kisa. Zilitoka wakati filamu za sauti zilipokuwa zinaifuta kazi ya kizazi chake, na kwa kuziandika alifanya kwa mkono wake mwenyewe kile ambacho ofisi haikukifanya: alieleza nani alikuwa wapi, nani alibuni nini, na kwa nini. Zina mipaka yake. Ni kauli ya shahidi mmoja, iliyoandikwa zaidi ya miaka kumi na tano baada ya matukio, na wenzake waliofanya kazi bila majina hawakupata jarida la kuwasikiliza. Filamu nyingi anazozizungumzia zimepotea, na zile zilizobaki hazikubeba jina la mwandishi. Kwa sehemu kubwa ya filamu ambazo vikosi vya Olcott vilitengeneza kabla ya 1912, maelezo hayo ya Gauntier ndiyo msingi mkuu ambao watafiti wa leo wanautumia kumtambua mwandishi wa mswada.